Fungu la Viateur

Goma, Murara
Tarehe 14 Desemba 2008

Mdogo wangu mpendwa Sikuli,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Olive na watoto, kisha majirani wote wa Butembo ambao bado wanatukumbuka. Je, kifua cha Olive kimepona? Na shamba, nguruwe wa pori wamekuachia mihogo kidogo? Sisi hapa tunaishi. Vita vimesimama upande wa Kibati, na wakimbizi bado wamejaa kando ya barabara kule, lakini juma hili hatukusikia mabomu. Mama yuko, ingawa amekonda. Meno yake ya mwisho yaling'oka mwezi wa kumi, na tangu hapo alikuwa anakunywa uji tu, akisema chakula cha watu wazima kimemuaga.

Mzigo uliotuma kwa ndege ulifika salama: nyama ya nguruwe wa pori iliyokaushwa vizuri kwa moshi, na mkono mmoja wa mbele uliofungwa peke yake kwa kamba ya mgomba, fungu la ndugu yetu Viateur, kama unavyofanya kila mara. Uliniagiza ninunue mashine kubwa ya umeme ya kusaga nyama, ili Mama aweze kula, na nisage yote isipokuwa mkono huo. Nimekuasi katika mambo yote mawili. Nitakueleza polepole, maana ualimu haujanitoka hata baada ya kustaafu.

Kwanza mashine. Ile ya umeme ni nzuri kwa macho, lakini hapa Murara umeme unakuja unavyotaka, na nyama ya pori ina mishipa migumu inayojizungusha kwenye kisu mpaka mota inanuka. Iko nyingine ya aluminiamu, nyepesi, ya mkono. Hiyo huacha weusi kwenye nyama, na meno ya skrubu yake huisha upesi. Nikachagua ya chuma kizito kilichopakwa bati, yenye mpini mrefu na skrubu ya kuibana mezani. Kabla ya kuichukua nilifungua kisu, nikakilaza juu ya sahani yake yenye matundu, nikainua vyote juani. Mwanga ukipita katikati, mashine hiyo haikati, inaponda tu.

Muuzaji wa pale sokoni Birere, Mama Nshobole, mtu wa Bukavu mwenye ulimi mkali, aliniuliza kama mimi ninachagua mashine ao ninachagua muke. Nilipotoa mfukoni kipande cha mshipa wa nguruwe, nilichokifunga katika gazeti kwa ajili ya majaribio, aliita wenzake waje waone muzee anayetembeaka na nyama mu mufuko. Walicheka sana. Lakini mshipa ulipita, ukatoka umekatika vizuri, naye akakiri kwamba mwalimu ni mwalimu.

Namna ya kuitumia ni hii. Nyama ilowekwe kwanza, ichemshwe nusu, kisha utoe mifupa yote, na upapase kwa vidole kama kuna kipande cha waya wa mtego. Ukate vipande vyembamba. Uongeze mafuta ya ng'ombe, kwa sababu mnyama wa pori hana mafuta ya kutosha. Upitishe mara mbili, matundu makubwa kisha madogo.

Sasa jambo la pili, ambalo ni zito.

Unakumbuka sheria ya Baba. Mnyama akiuawa, kila kiungo kina mwenyewe: ini la Mama, paja langu, mbavu zako, mkono wa mbele wa Viateur. Asiyekuwapo, fungu lake linatundikwa juu ya moto mpaka arudi. Tangu Viateur alipopanda lori la kwenda Walikale mwaka wa 1998, Mama ametundika kila mkono uliotuma. Mmoja ukioza, anatundika mwingine. Kwa hiyo nilipofunga mashine mezani nilianza na paja langu, nikauacha mkono kando.

Mama alikuwa ameketi karibu, akinitazama nikizungusha mpini. Aliinuka, akauchukua mkono, akaufungua kamba mwenyewe, akauweka mbele yangu. Akasema, Kambere, saga na hii. Nilimwambia kwamba ikishapita humu hakuna atakayeijua tena ni ya nani. Akajibu kwamba anajua, ndiyo sababu amesema.

Sikuli, nisamehe. Mwaka wa 2003 mtu aitwaye Byiringiro, aliyekuwa dereva wa lori lile, alinitafuta akanieleza kwamba Viateur alikufa kwa homa porini, mwezi wa pili wa safari, na kwamba alimzika yeye mwenyewe. Alinipa rozari ya Viateur. Nilirudi nyumbani, nikaificha ndani ya kamusi, nikanyamaza. Nilijiambia ninamlinda Mama, na wewe pia. Kweli ni kwamba niliogopa.

Mama alikuwa anajua. Aliniambia kwamba zamani, kila nyama ilipoletwa, neno langu la kwanza lilikuwa kuuliza kama fungu la Viateur limewekwa. Siku moja nikala bila kuuliza, na sikuuliza tena. Kwa miaka mitano, alisema, alikuwa anatundika mikono ile akingoja nimuone kuwa mtu wa kuambiwa.

Nilimletea rozari. Kisha nikasaga mkono, naye akishikilia sahani chini ya mashine. Mke wangu Angèle alipika yote pamoja, na Mama alikula bakuli mbili. Padri ameandika jina la Viateur kwa misa ya Jumapili ijayo. Nawe huko mtafute padri wenu.

Tafadhali usinikasirikie kwa muda mrefu. Angèle anawasalimu, na Mama anamuombea Olive. Mama ameniagiza niandike neno moja kwa mkono ulionyooka, ulisome vizuri: nyama ijayo, usifunge kitu peke yake kwa kamba.

Kaka yako,
Kambere