Mashine Mpya Hazitakuja

Lucky Summer, Nairobi

Kwako Dada Mumbua,

Natumaini homa ya Mama imetulia na mvua imewafikia huko Kitui. Mimi mwili mzima, ila kichwa kinaniwaka, kwa hiyo leo utanivumilia.

Umeniuliza kwa nini nimemzuia binti yako Kalondu asije, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwahidi kazi hapa kiwandani tunakofuma sweta. Kazi hiyo ilitegemea mashine mpya, na mashine zilitegemea mkopo. Sasa hakuna mkopo.

Mwezi uliopita chama chetu cha wafanyakazi kilitia saini mkataba na bosi, Bwana Abdi: vibarua wote waandikwe kazi ya kudumu. Tulipiga vigelegele! Wiki hiyo hiyo akaja afisa wa mikopo kutoka benki, akamuuliza bosi mbele yangu, "Mauzo yakishuka, utapunguza watu?"

"Si rahisi. Sheria inadai notisi na malipo, na chama hakitanyamaza."

"Basi sisi utatulipa na nini?" Akafunga mkoba wake.

Bosi akanigeukia, maana mimi ndiye mwakilishi wa wafanyakazi. "Mwende, ongea na watu wako. Warudi vibarua mpaka nipate mkopo, halafu nitawaandika tena."

Dada, mtu mzima anasemaje hivyo bila kucheka? Nikawapigia viongozi wa chama waje watusaidie. Wakaniambia tu, "Komredi, shikilieni hapo hapo." Kushikilia ni rahisi ukiwa umekaa ofisini mjini.

Nikaitisha mkutano, na bosi naye akaja. Achieng', ambaye ni mjamzito, akasimama. "Nikirudi kibarua, nikijifungua nani atanilipa? Zii, mimi sirudi."

Bosi akamuuliza kwa upole, "Na kiwanda kikifa, mama?"

Sura ya Kalondu ilinijia. Kisha tukapiga kura, nami nikanyoosha mkono upande wa Achieng', na upande huo ukashinda.

Bosi amenunua mashine moja kuukuu kwa pesa zake. Haitaajiri mtu. Inakwama kila mara, nasi tunagombana nayo kutwa nzima.

Kalondu usimwambie ni benki. Mwambie mama yake mdogo alipiga kura. Akitaka kununa, aninunie mimi. Akipiga simu nitapokea, hata kama ni ya kunigombeza.

Nisalimie Mama, shemeji Mutua, na mjomba Kilonzo anayetuangalizia ng'ombe. Huyo mwambie aache kuwahubiria vijana kwamba Nairobi kazi zimejaa.

Mdogo wako aliyechoka lakini anayekupenda,
Mwende