Usingizi wa Balozi

Uingereza, 4 Machi 1977

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi ni mzima. Hofu yangu ni kwenu. Hapa hospitali tunawachunguza wakoromaji ambao koo zao hujifunga usingizini: pumzi hukatika, moyo hupunguza mwendo, kisha hushtuka. Tunawapa dawa inayozuia mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo, na moyo haupunguzi mwendo tena. Nilifurahi. Kisha nikamkumbuka Baba. Je, mkoromo wake bado hukatika ghafla?
Mwanao, Mauwa

Temeke, 29 Machi 1977

Mwanangu,
Marahaba. Sie wazima. Hukatika, nami hukaa nikisubiri arudi. Juzi amesinzia kwenye mkutano wa nyumba kumi, na msemaji ni yeye mwenyewe, balozi! Jirani yetu Jabiri akasema, “Tumwache, anashauriana na wizara.” Watu walicheka, mie sikucheka. Itume hiyo dawa.
Mama yako

Uingereza, 20 Aprili 1977

Mama,
Shikamoo. Sitaituma. Niliharakisha kufurahi: moyo haupunguzi mwendo, lakini koo linajifunga vilevile, na shinikizo la damu linapanda. Tumemnyamazisha anayepiga kelele za moto. Moto bado unawaka. Ninachoweza kushauri, nacho kwa shaka, ni kwamba asilale chali, na daktari ampime shinikizo la damu.
Mwanao, Mauwa

Uingereza, 2 Julai 1977

Mama,
Shikamoo. Sijapata barua. Je, nilikosea kuwanyima dawa? Tafadhali andika, hata mstari mmoja.
Mauwa

Temeke, 25 Julai 1977

Mwanangu,
Marahaba, na unisamehe. Umeniambukiza shaka zako. Sikutaka kuandika kabla ya kuwa na hakika.
Baba yako aligoma. “Mtoto niliyembeba mabegani ndiye anifundishe kulala?” Nikamwuliza, “Na sunna ya kulalia ubavu wa kulia, nayo kaileta Mauwa?” Usiku huo akalalia ubavu. Nikamshonea mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia ndimu. Akigeuka chali, inamwumiza mgongo.
Daktari kamkuta na shinikizo kubwa, kampa vidonge, na ametaka arudi kila mwezi. Mkutano uliopita kauendesha mpaka mwisho, tena kwa kirefu. Jabiri anaomba umrudishie Baba yako usingizi.
Sasa mgonjwa ni mie. Hakoromi, basi namtikisa nione kama yu hai. Anakasirika: “Mama Mauwa, kaandike kwa mwanao akutafutie dawa wewe!”
Ndiyo naandika.
Mama yako