Prof amenitangaza bila kuniuliza

Mbithe, nimejifungia kwa choo ya hoteli hapa tao, katikati ya mji. Usinipigie, watanisikia.

Si nilikuja kwa hii chakula ya idara kumwambia Prof Kibe naacha utafiti wake, naenda ile kazi ya Kigali? Nilipofika tu nikamwambia, "Prof, nataka tuongee." Akasema, "Baada ya chakula, Mwongeli."

Hakungoja. Amesimama mbele ya idara yote akasema anastaafu, na utafiti wa matumbo ya watoto anauacha mikononi mwangu. Mikononi mwangu, Mbithe. Hakuniuliza.

Watu wakapiga makofi. Halafu Mama Nyakio akasimama, naye alikuwa amealikwa, yule wa Kinoo ambaye mtoto wake alikuwa anaharisha damu miaka miwili. Akasema, "Wengine wote walituambia ni minyoo. Huyu daktari Mwongeli alikataa." Analia. Prof naye analia.

Nikapewa maiki. Unajua nilisema nini? "Asante, Prof." Hiyo tu.

Nikatoka mbio. Mama Nyakio akanifuata hadi mlangoni, akanishika mkono. "Daktari, kliniki bado ni Jumanne?"

Jumanne ndiyo siku ya ndege yangu.

Nikamwambia ndiyo.