Wifi Yangu Yuko Pangani

Mji wa Kale, Mombasa
6 Januari

Wifi Zakiya,

Salaam zikufikie, wewe na huo mto wako. Huku wazima, ila goti langu lakataa ngazi tangu uondoke. Kifua chako je, kimetulia?

Ulisema waenda Pangani wiki moja tu, uone kwao bibi yako, urudi. Wiki imepita. Jana nimekaanga mahamri, nikatenga yako, ndipo nikakumbuka. Nimekula yote mimi. Lawama ni yako. Huo mto una nini ambacho bahari yetu haina?

Wifi yako,
Mwanakuu

Pangani
9 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Kifua kizima, al-hamdulillahi, na goti lako naliombea dua.

Usicheke, mto huu watuliza. Nyumba za mawe ni kama za kwetu, na milango ya nakshi, ila nyingine paa limeanguka, mpapai umeota sebuleni. Jirani yangu Mejumaa hunichukua kwa kivuko hadi Bweni, ng'ambo, kununua samaki. Mcheshi huyo! Na mahamri yake laini! Tazama picha yetu. Nitakaa kidogo zaidi.

Wifi yako,
Zakiya

Mombasa
10 Januari

Zakiya,

Salaam. Afya yangu usiulize.

Picha nimeikuza mpaka simu ikapata moto. Wewe na huyo Mejumaa mmevaa leso za doti moja: kipande wewe, kipande yeye! Tangu ulipoolewa na kaka yangu Gharib, Mungu amrehemu, doti wagawana na mimi tu. Na hayo mahamri, kwani laini ni sifa? Hata sifongo ni laini.

Sina wivu. Nauliza tu: huyo ni nani yako, hata mkagawana leso?

Mwanakuu

Pangani
26 Januari

Wifi Mwanakuu,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na hasira imepoa. Nimekawia kwa sababu kila nikianza kuandika, naogopa.

Waniuliza Mejumaa ni nani yangu. Ni dadake Shukri, fundi wa mashine za kivuko. Shukri amenichumbia, nami nimekubali. Mejumaa atakuwa wifi yangu.

Gharib simsahau. Lakini miaka yote hii tumeketi wawili pale roshani, wewe wamlilia kaka, mimi namlilia mume, na hakuna wa kumwambia mwenzake basi.

Nikaha ni Ijumaa. Wajua mlango wa bibi harusi hulindwa na nduguze, bwana haingii mpaka awaridhishe kwa pesa. Mama hayuko, dada sikujaliwa. Mlango wangu hauna mtu. Usipokuja sitakulaumu.

Zakiya

Mombasa
27 Januari

Zakiya,

Salaam, na mkono wa heri.

Nimelia. Nikamtukana Mejumaa, nikamwomba Mungu msamaha, nikamtukana tena. Wivu ninao, nimechoka kusema sina. Kama ni kuolewa, si ungeolewa hapa mtaani, nikawa nawasikia mkigombana ng'ambo ya ukuta? Lakini wewe na mto wako hamwambiliki.

Kesho napanda basi la Tanga. Mwambie Shukri aje na subira, na mifuko isiwe mitupu, maana mlango huo nitauziba kwa mwili wote, na mwili wenyewe waujua, ni mwingi. Huyo Mejumaa naye asijitie wifi akapita pembeni. Asimame nyuma ya kakake, angoje mpaka niseme.

Dada yako,
Mwanakuu