Vidole Ndani ya Maziwa

Mdogo wangu Zubeda huko Mbarara,

Mtoto wangu Amani ametia mkono kwenye uji sasa hivi akaufutia hapa, ndiyo maana karatasi ina doa. Sisi tuko salama, mvua imenyesha, shangazi anakusalimu.

Umeniuliza niliwezaje kuamka tena baada ya mama kufariki, maana wewe kila asubuhi unageukia ukuta tu. Na mimi nililala hivyo hivyo hapa kambini Nakivale. Siku moja jirani yetu, Bibi Koleta, akaingia bila hodi.

"We binti, nina ndama hana mama, na ndoo anaikataa. Vidole vyangu vimekauka, atadhani ni kuni. Lete vyako!"

Nikachovya vidole kwenye maziwa, ndama akavinyonya, nikavishusha polepole mpaka mdomo wake ukaingia ndooni. Akanipiga kichwa, nikalowa maziwa, Bibi akacheka sana. Huzuni haikwisha. Ila kesho yake nilimsikia ndama akilia, nikasimama kabla sijakumbuka kwamba sitaki.

Kwa hiyo na wewe, hapo ulipo, tafuta hata kitu kidogo kinachokuhitaji... Asha wa nyumba ya pili ananiita: "Mama Amani, uchungu umenishika! Twende kliniki, simtaki mwingine!" Naacha hapa, Zubeda. Kesho ukiamka...