Mtungi wa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Mwanda hatujambo. Babu yako ameanza kufoka tena, basi amepona. Umeuliza kwa nini mradi wenu wa vyoo ukihama kijiji, mitungi ya kunawia mikono hukauka.

Nilipoolewa, kijiji kizima mtungi wetu wa chooni tu ndio haukukauka. Mama mkwe aliujaza kila alfajiri. Alipofariki, wiki nzima tuliukuta umejaa, sabuni imelowa. Majirani wakaogopa kuugusa. Mimi pia. Asubuhi moja yenye ukungu nikaona nyayo kwenye umande, zimetoka mtungini. Nikazifuata hadi mlangoni kwangu. Nikatazama miguu yangu: matope. Kanga imelowa. Sikukumbuka kwenda kuujaza.

Mama mkwe hakuwahi kunifundisha. Nilimwona tu, kila siku, kwa miaka.

Hata leo naukuta umejaa.

Nyanya yako