Sweta la Ouma

Jumamosi, Bukoto. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini moyoni mwangu bado kumetanda mawingu.

Nina wivu. Nimefundisha hadi nikastaafu, nywele zimekuwa nyeupe, na leo ninalionea wivu sweta.

Sweta lenyewe, la kijivu, nililifuma kwa mikono yangu. Mdogo wangu Ouma alikuwa ameajiriwa kwenye reli, akawa analalamikia baridi ya zamu za alfajiri. Siku watu wa usalama wa serikali walipokuja na gari wakamchukua kazini, alikuwa ameliacha nyumbani. Hatujui alipo. Binti yake Atieno, ambaye mama yake alikwisha kufariki, nimemleta kwangu. Ana miaka kumi na mitano, na halali mpaka ajizungushie mikono ya sweta hilo shingoni.

Sababu naijua. Wazazi wengi niliwaeleza: mtoto aliyetikiswa hutafuta kitu cha kushika kabla ya mtu wa kushika, maana watu ameona wanaondoka. Msimnyang'anye. Akipata nafuu, atakiacha mwenyewe.

Maelezo mazuri. Ni rahisi kuyatoa kwa mtoto wa mwenzio.

Mimi humpikia, humsuka, humngoja mlangoni. Naye hulia kwenye sweta.

Leo, alipokuwa kwenye foleni ya sukari, nilitoa beseni na kipande chetu cha mwisho cha sabuni. Nilijiambia kwamba sweta linanuka. Kweli linanuka: jasho, grisi, Ouma. Na hicho hasa ndicho nilichotaka kukitoa.

Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umeshalowa wakati Mama Hawa, jirani yetu, mke wa askari, aliponiona akiwa anaanika nguo zake.

"Eh, Mwalimu! Sabuni imepotea Kampala mzima, wewe unafulia sweta ya Ouma? Kwani mumeshamuzika?"

Nililitoa sweta majini. Kwetu nguo za mtu hufuliwa na kugawanywa baada ya mazishi. Kabla ya hapo zinamngoja, pamoja na uchafu wake. Nilikuwa karibu kumzika mdogo wangu ndani ya beseni.

Kwa wivu.

Atieno alirudi bila sukari. Aliunusa mkono uliolowa, kisha ule mkavu.

"Shangazi, huku bado yupo," akasema.

Basi. Heri angenifokea.

Jioni hii amekaa kando ya sigiri, mkono mkavu ameulaza shavuni. Ule mbichi unaning'inia karibu na makaa, na kwa kuwa hataki kuuachia mkavu, mbichi naugeuza mimi.

Nimewaza jambo ambalo halikuwamo katika maelezo yangu kwa wazazi. Ouma nilimbeba mgongoni akiwa mchanga. Tangu achukuliwe, sijaomba hata mara moja kulinusa sweta lake.

Kesho sabuni iliyobaki nitafulia mashuka. Kisha nitamwomba Atieno aniazime ule mkono mkavu, kidogo tu.

Sijui kama atakubali.